Noti ya Arobaini na Tano

Mama yangu haoni vizuri. Lakini ndiye aliyegundua kwamba noti tuliyoitundika ukutani miaka miwili ilikuwa feki.

Mimi mwenye macho yangu mazima nilikuwa naifuta vumbi kila Jumamosi!

Marehemu baba alikuwa keshia wa benki. Siku moja msafiri alimletea dirishani noti ya arobaini na tano. Siyo hamsini, arobaini na tano.

Msinibishie, noti hizo zipo. Kuna nchi ya mbali iliwahi kutoa ya arobaini na tano na ya tisini. Inasemekana mkubwa wao aliamini tisa ni namba ya bahati. Wananchi wakajijua wenyewe na chenji.

Benki iliikataa. Baba akampa msafiri hela ya mfukoni mwake, akabaki na ile noti. Makeshia wa zamani walibana kila kitu kwa pini, basi noti ikakaa ndani ya koti la baba, imechomwa pini, miaka nenda rudi.

Baba alipofariki, kaka yangu mwenye duka la fremu akasema, "Nipeni niiweke kwenye fremu, isije ikaliwa na mende."

Nilimshukuru mpaka machozi.

Mwaka uliofuata mama akapata presha ya macho. Daktari akasema upasuaji usichelewe. Nikampata mkusanyaji wa noti za kale. Nilipomweleza kwamba ya kwetu ilikosewa kiwandani, nyuma imechapwa kichwa chini, akataja bei ya kutosha upasuaji na zaidi.

Kaka akawaka. "Unataka kuuza kumbukumbu ya baba? Huna haya?"

Ukoo mzima ukamuunga mkono. Nikanywea.

Jicho la kulia la mama likazimika huku tukiheshimu kumbukumbu.

Mwezi uliopita nikasema liwalo na liwe, nikaifungua fremu niiuze noti. Mama akaomba aishike mara ya mwisho. Akapapasa pembe, akarudia tena.

"Mwanangu, hii siyo."

"Ndiyo yenyewe, mama. Mbona naona hadi matundu ya pini!"

"Wewe unayaona. Mimi siyasikii. Miaka thelathini nimeichomoa noti hii kwenye koti kila siku ya kufua."

Nikaisogeza dirishani. Yale matundu yalikuwa vidoti vya wino, mwanga haukupita. Nilikuwa nimepigwa changa la macho.

Nikampigia kaka, simu nikaiweka spika mama asikie.

"Kaka, nataka tuongee kuhusu noti ya baba."

"Nani kakwambia ufungue fremu?"

Mimi sikuwa nimetaja fremu.

Nilipomwambia hivyo, akasema bila aibu, "Niliiuza wiki ileile mliyonipa. Si mlikuwa mnaiangalia tu? Ukutani, picha na noti vina tofauti gani?"

Yaani alipokuwa akinifokea kuhusu kumbukumbu ya baba, alishaiuza zamani. Alikuwa analinda wizi wake, na mama analipa kwa jicho. Niliumia jamani.

Mama hakulia. Alisogea karibu na simu.

"Njoo, mwanangu. Nikupapase uso na wewe, nijue kama ndiye niliyemzaa."

Hajaja mpaka leo.

Nimeuza cherehani yangu. Jicho la kushoto linafanyiwa upasuaji Jumatatu.

Kikulacho ki nguoni mwako, tumeambiwa tangu utotoni. Mimi naongeza hili: kwenye familia, anayepiga kelele kuliko wote kulinda urithi, mkague yeye kwanza.