Aliyeacha Sigara Bila Kuambiwa Hongera

Siku Hedi aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, mtaa mzima ulimiminika kumpa hongera utadhani katoka kuhiji. Moyo ulikuwa umemwangusha kwenye kinu cha kukamulia zeituni, mahali alipofanya kazi tangu ndevu hazijamwota, na madaktari wa mjini Sfax walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba sigara moja zaidi ni jeneza. Akaapa mbele ya mama yake na binti yake Olfa kwamba hagusi tena. Basi jirani huyu akaleta lozi, yule akaleta asali, mwingine akachinja jogoo. Mama yake, Bi Mannubia, akapiga vigelegele pembeni ya kitanda mpaka akapaliwa.

Mkewe, Naziha, alikuwa jikoni anawasongea wageni asida, ule ugali laini wa ngano. Naye alikuwa ameacha sigara siku hiyohiyo. Ila kwake hapakuja lozi wala jogoo, kwa sababu hakuna kiumbe aliyejua kwamba anavuta.

Alianza zamani, mwaka alipozika mtoto wake wa kwanza. Wafiwa walikuwa wawili, lakini watu wakamfariji Hedi. Naziha wakamwambia bado kijana, atazaa mwingine. Akapanda darini, juu ya paa tambarare la nyumba, kuanika nguo, akakuta sigara kwenye mfuko wa shati la mumewe, akaiwasha ili apate kukohoa, maana mtu anayekohoa haulizwi kwa nini machozi yanamtoka. Kesho yake akakohoa tena. Baadaye hakukohoa, na Olfa alipozaliwa, mama yake alikuwa ameshabobea.

Nyumba ile ilikuwa ya mama mkwe, na jiko la mama mkwe, na hata chumvi iliwekwa kwa kipimo cha mama mkwe. Darini tu, kati ya mashuka yaliyoanikwa, ndipo Naziha alipokuwa mtu. Na hakugunduliwa kwa sababu Hedi alivuta kama tanuri. Moshi wake ulikuwa kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye shingo za watoto wa majirani aliowabeba. Nani angesimama kupambanua moshi wa huyu na moshi wa yule? Sigara zenyewe alizichomoa kwenye pakiti ya mumewe. "Hizi sigara zinayeyuka siku hizi," Hedi alikuwa akisema, na mama yake anamjibu, "Zinayeyukia kwenye mapafu yako, mjinga wewe." Wote wanacheka, na Naziha anacheka nao.

Msimwone mwoga bure. Katika mtaa ule mwanaume anayevuta anaitwa mvutaji. Mwanamke wa umri wake akivuta anaitwa jina jingine, na binti yake anaitwa binti wa jina hilo.

Kwa hiyo Hedi alipoacha, Naziha alipoteza ghala na pazia kwa siku moja. Lakini tusimwonee, kulikuwa na jambo kubwa kuliko hofu. Alimpenda mumewe. Alimwona amelala na mirija kifuani, akasema moyoni: huyu akinusa moshi kwangu atarudi kuvuta, na akirudi kuvuta nitamzika. Akapiga moyo konde.

Daktari alimwita pembeni kabla hawajaruhusiwa. "Mama, wewe ndiye dawa yake sasa. Hamu ikimjia, ajue haikai, itapita. Anywe maji, taratibu. Mikono yake ipe kazi. Asikae na wanaovuta. Ikimzidi awaambie watu wake, asijifungie nayo peke yake. Akiteleza mara moja, aanze upya kesho yake, asiseme ndiyo basi. Na nyinyi msimchunguze, wala msimwite mwongo. Mtu huyu ataishi kwa kuaminiwa."

Naziha aliyameza yote kwa niaba ya watu wawili. Maji aliyaweza. Kazi ya mikono ndiyo usiseme, nyumba ilikuwa imejaa. Lile la kuwaambia watu wake ndilo lililomshinda. Angemwambia nani?

Hedi akitupa sahani ukutani, nyumba nzima inanong'ona: maskini, ni sigara inamtoka, mpeni asali. Naziha akivunja mtungi, Bi Mannubia anauliza kwa sauti, "Huyu mkeo kaingiwa na nini?" Na Hedi anajibu, "Umri, mama. Mwache." Basi Naziha anaokota vigae vyake kimya kimya na kuinama muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika.

Alasiri moja Hedi alikuwa uani anazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Mama Olfa, mimi leo nakufa."

"Hufi. Kunywa maji."

"Nimekunywa mpaka nimekuwa kisima."

"Basi kaa hapa unibanjie lozi. Itapita. Inabana hapa kifuani, halafu inapanda kwenye taya, halafu inakuacha. Hesabu lozi tu, usihesabu dakika."

Hedi akamtazama. "We umejuaje inapanda kwenye taya?"

"Daktari kasema."

"Daktari hajawahi kuvuta. Wewe hujawahi kuvuta. Mnanipa moyo kwa kitu msichokijua." Akapasua lozi kwa jiwe mpaka ikawa unga. "Ningempata mtu mmoja tu anayeungua kama mimi, ningeweza."

Maneno yalimfika Naziha kwenye ulimi. Alifungua kinywa kabisa. Bi Mannubia akatokea na kahawa yake, akakaa katikati yao, akaanza habari za goti lake, na siku ile ikapita hivyo. Ninalijutia lile goti kuliko yeye mwenyewe Bi Mannubia.

Hata hivyo Hedi alikuwa anaweza. Jua la kukausha pilipili lilipofika, alikuwa ameshanenepa mashavu, anapanda ngazi bila kuhema, anajisifu kwa wauza samaki. Olfa akamwandalia baba yake karamu. Wakala, wakamsifu, na mama mkwe kwa kunogewa akamgeukia Naziha. "Wewe mwenzetu Mungu kakupendelea. Hujui kupigana na nafsi yako ni kitu gani."

Naziha akaenda kuosha vyombo. Kisha akapanda darini kugeuza pilipili, akakuta joho la Hedi la baridi limeanikwa lipigwe na jua, na ndani ya mfuko wake pakiti ya zamani yenye sigara iliyosahauliwa. Aliivuta yote, analia. Kichungi akakifukia kwenye chungu kibovu ambamo vichungi vya miaka yote vilikuwa vimelala. Akajiambia, kama daktari alivyosema, kesho naanza upya. Na angeanza. Mimi naamini angeanza.

Lakini Bi Mannubia alikuwa amepungukiwa macho tu, pua ilikuwa bado mpya. Asubuhi akalikokota goti lake ngazi kwa ngazi, akanusa huku na huku, akashuka na chungu mikononi. Akakimwaga uani mbele ya Hedi na Olfa, aliyekuwa amelala hapo kwa wazazi wake usiku ule baada ya karamu.

"Unataka nikuzike kwa mikono yangu, Hedi? Kichungi hiki hapa ni cha jana! Kinuse!"

"Mama, wallahi siyo mimi."

"Baba," Olfa akasema, machozi yanamlengalenga, "kuvuta tungekusamehe. Lakini jana tumekufanyia karamu. Umekaa pale, unapokea hongera."

"Olfa, naapa kwa kaburi la kaka yako. Sijagusa tangu nitoke hospitali."

"Usimwapie mtoto wangu!" Naziha akasema kutoka mlangoni pa jiko. Wote wakageuka. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanzu, hajui tena kama inalowa au inakauka. "Ni mimi. Vyote hivyo ni vyangu. Navuta mimi, tangu mwaka ule wa msiba."

Kisha Olfa akamkumbatia. "Mama, jamani, basi. Mpaka lini utakuwa unamfunika?"

"Simfuniki, mwanangu. Ni mimi."

Bi Mannubia akampapasa uso, akambusu kwenye paji. Tangu aolewe hakuwahi kumbusu hivyo. "Mungu akulipe, binti yangu. Unajipaka tope mumeo apate kuonekana safi. Hawazaliwi tena wanawake kama wewe." Akamgeukia mwanawe. "Unamwona? Unamwona mtu unayemuua?"

Naziha akamtafuta Hedi kwa macho. Huyu mmoja akimwamini, yatosha. Lakini Hedi alikuwa amekaa chini kwenye kigoda, mashavu yale mapya yamemlegea.

"Hawa wawili siwashangai," akasema taratibu. "Nimewadanganya sana zamani. Lakini wewe, Mama Olfa, wewe ulikuwa unaniamini. Sasa na wewe unanitungia uongo wa kunisitiri. Maana yake na wewe umeshaona nimevuta."

"Hedi, sikiliza. Wallahi ni mimi."

"Haya basi."

Akavaa ndala zake, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Olfa alidhani kaenda kupoza hasira, na Naziha naye akadhani hivyo. Mwenye duka hakuwa mbali. Hedi akarudi na pakiti mpya, akakaa palepale kwenye kigoda, akawasha. Mama yake akaanza kulia kwa sauti, kilio cha matanga kabisa.

Naziha akavuka ua. Akaichukua ile pakiti kwenye goti la mumewe, akachomoa moja, akaiwasha kwa kuikinga na upepo kwa kiganja, akavuta mpaka ndani, akautoa moshi puani polepole. Hakukohoa. Kilio cha Bi Mannubia kikakatika. Olfa akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Hedi akatazama vidole vya mkewe vilivyoishika sigara ile. Akavitazama sana. Naziha akaona kwamba sasa anajua, anajua yote, hata zile zilizokuwa zikiyeyuka.

"Umeona," akamwambia. "Sasa izime. Nakuomba, Hedi. Izime."

Hedi akaiangalia ya kwake. Ilikuwa bado ndefu.

"Nishaionja, Naziha," akasema.

Akavuta tena. Kisha akakung'utia majivu kwenye kisahani cha kahawa, akakisogeza katikati yao, mahali ambapo kila mmoja angeweza kukifikia.