Yule Mzee wa Kikausho cha Tangawizi

Cheka ukimaliza kusoma, usicheke sasa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na chai ya maziwa tu tumboni. Ukipita Same mjini ulizia fundi ambaye mkono wake mmoja haujui moto, utaletwa kwangu.

Kikundi kimoja cha wakulima kule Vudee kiliniita niwafungie mtambo wa kudhibiti joto kwenye kikausho chao cha tangawizi. Kikausho chenyewe ni chumba cha mabati, ndani trei juu ya trei, nyuma yake tanuri la kuni. Kabla yangu kulikuwa na mtu wa kufungua kilango cha hewa ya moto kwa mkono. Mimi nikaweka sensa ndani, mota kwenye kilango, feni, na kisanduku chenye namba nyekundu huku nyuma upande wa tanuri. Joto likishuka chini ya nyuzi sitini, kilango kinafunguka chenyewe. Likifika, kinajifunga. Nani tena asimame pale kutoa jasho?

Aliyenibishia ni mmoja tu, Mama Nakunda, mgeuzaji wa trei. "Fundi, sisi hapa hatuachii moto kabla ya kugonga mlango mara tatu na kuuliza kama kuna mtu. Hicho kisanduku chako kitagonga?"

Nikamcheka, tena mbele ya watu. "Mama, hii ni teknolojia, haipigi hodi." Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu.

Saa nane simu ikaja, lori limekwama kwenye tope kule chini. Wanakikundi wakashuka kulisukuma, mwenyekiti wao akaniambia akirudi anataka aikute sitini imesimama. Nilidhani Mama Nakunda kaenda nao. Sikuuliza. Ningeulizaje, mimi fundi mkubwa? Ukungu ukashuka, ule wa Upareni unaoingia mpaka mifukoni. Nikasikia mlango wa kikausho ukibamizwa kule mbele, nikasema afadhali, upepo umenifungia. Namba ilikuwa arobaini na moja. Nikawasha, kilango kikafunguka, feni ikanguruma.

Arobaini na tano. Arobaini na nane. Hamsini na mbili, ikagoma hapo. Kilango wazi, feni inasukuma, dakika zinakwenda, namba haipandi. Nikaanza kuitukana ile mota.

Nilipogeuka kuchukua bisibisi nikamwona mzee kasimama karibu yangu, sweta la kijani limetoboka kiwiko. Sikuwa nimesikia hatua zake.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Wewe umewahi kumwona mzee wa huko anayeiacha shikamoo ianguke chini?

"Umegonga?" akauliza.

Nikamjibu kwa ukali, maana habari za kugonga zilikuwa zimenichosha. "Mzee, mtambo unajiendesha. Nikifungua mlango joto litashuka, na wenyewe wanakuja kuona sitini."

Hakubishana. Akanishika kifundo cha mkono. Niamini, vidole vile vilikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri, na nguvu zake hazikuwa za mzee. Akanivuta kuzunguka chumba mpaka mlangoni, akaubandika mgongo wa kiganja changu kwenye bati. Bati lilikuwa linaunguza! Nikapiga kelele, nikavuta mkono, hakuniachia. Ndipo nikahisi kitu kinagonga kutoka ndani, chini karibu na kizingiti. Mara moja. Kimya. Tena mara moja, kwa unyonge.

Sijui aliniachia saa ngapi. Ule upepo nilioushukuru ulibamiza mlango Mama Nakunda akiwa ndani anageuza trei, komeo la nje likajiangukia, na feni ikameza kelele zake zote. Nilipofungua akaniangukia miguuni, midomo imekauka, hawezi kusema. Nikamburuta mpaka kwenye majani, nikammwagia maji, nikalia kama mtoto. Kosa lilikuwa langu. Sensa niliitundika chini kabisa nyuma ya mlango, pale ukungu unapopenya. Ilikuwa inasoma baridi ya nje, na mtambo ukazidi kummiminia moto mama wa watu.

Alipofumbua macho na kuomba maji ya kunywa, nikasikia nyuma ya sikio langu, taratibu: "Marahaba, mwanangu."

Nikageuka. Ukungu mtupu.

Watu waliporudi nikawaeleza lile sweta. Mwenyekiti akakaa chini palepale kwenye tope. Alikuwa Mzee Eliamani, mtunza moto wa kikausho hicho, na walikuwa wamemzika mwezi mmoja kabla. Ndiyo sababu waliniita mimi.

Mama Nakunda alipona, na anageuza trei mpaka leo. Lakini mgongo wa mkono wangu wa kulia haujui joto tangu siku ile. Kovu hakuna, lengelenge halikutoka. Nimewahi kuuegemeza kwenye sufuria jikoni bila habari, mpaka mke wangu akanipiga mwiko.

Na wewe unayefunga mitambo ya kujiendesha, andika namba unayoitaka. Ila kabla ya kuwasha, nenda mlangoni kwa miguu yako, gonga, uliza kama kuna mtu, usubiri. Na ukimwamkia mzee karibu na mtambo wako asikuitikie, usibishane naye. Kafungue mlango.