Mwalimu Dankani Aliyenitoa Uwanjani

Siku moja haijanitoka moyoni mpaka leo, mwanangu, nayo ni siku niliyotolewa uwanjani mbele ya mji wetu mzima wa Rumonge.

Ulikuwa wakati wa Mudachi, huyo Mjerumani aliyetutawala. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, navua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, pamoja na kaka zangu. Akaja hapa fundi wa mashua, mzungu aliyeitwa Dankani, ametoka huko kusini ya ziwa. Mfanyabiashara mmoja alimwita amtengenezee mashua ya kubebea mawese. Hakuwa Mudachi, na ukimwita Mwingereza masikio yake yalikuwa mekundu kwa hasira. Yeye ni Mskoti, alisema, usimchanganye na wengine. Mguu wake wa kulia ulikuwa unachechemea.

Tulipozoeana akatuambia kwamba kwao kazi yake ilikuwa kucheza mpira. Tulicheka sana. Mtu mzima mwenye ndevu, anaishi kwa kupiga mpira? Yeye akafungua sanduku lake, akatoa mpira wa ngozi, akaanza kuudundisha juu ya ule mguu mzima, huku kiko mdomoni, mpaka tukachoka kuhesabu. Tukaacha kucheka. Alituambia alicheza miaka sita, goti likavunjika, akabaki na timu yake kama mwalimu wa vijana. Baadaye wakachukua mwalimu mwingine, naye akarudia ufundi wa mbao aliofundishwa na baba yake, ndio uliomleta kwetu.

Basi kila alasiri, tukishaanika ndagala, alitufundisha kwenye mchanga chini ya soko. Mimi nilikuwa na mbio kuliko wote, na alinipenda, nalisema bila haya. Alikuwa anakula kwetu, ugali na ndagala za mawese, mpaka ndevu zinageuka rangi. Mama yangu alimwita mwanangu, ingawa walikaribiana umri.

Siku moja alimwona Ndayizeye, mkulima wa Gatete aliyeleta mihogo sokoni, akamwita acheze. Sisi watu wa mjini tulinuna. Huyu wa shambani, hajui hata kuvaa kanzu, atacheza na sisi? Nami nilinuna pamoja nao, Mungu anisamehe.

Kisha askari wa Mudachi kutoka Usumbura wakapita hapa na mkubwa wao, tukakubaliana tucheze nao. Watu walijaa, hata wazee wa msikitini walikuja. Tukafungana bao moja moja. Mpira ukanifikia mimi, na Ndayizeye amesimama peke yake mbele ya goli.

"Saidi! Saidi, hapa!" akaniita.

Nilimwona, mwanangu. Sikutaka tu watu waimbe jina lake. Nikapiga mwenyewe, ukaenda nje. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu askari mmoja mrefu aliuchukua miguuni pangu, akakimbia nao, wakatufunga.

Dankani akaingia akichechemea.

"Saidi, toka."

"Mimi?"

"Wewe. Miguu yako iko mizuri. Macho yako iko mabaya. Toka."

Hakuingiza mtu mwingine. Aliona afadhali watu kumi bila mimi. Tukashindwa, nami nikaenda nyumbani na hasira zangu.

Asubuhi yake alikuja kwetu. Nilijificha nyuma ya nyumba, nikamsikia anazungumza na mama.

"Mama, mimi pia nilikuwa hivi. Siku ile goti langu lilivunjika, mwenzangu alikuwa peke yake mbele ya goli. Nilimwona. Nikaenda peke yangu katikati ya watu wawili wakubwa kama nyati. Mwambie Saidi arudi. Nampenda huyu mutoto."

Mama akaniita. Mimi nikaruka ua. Karibu mwezi mzima nilikuwa nazunguka njia ya nyuma kwenda ziwani ili nisikutane naye. Nilimwona kwa mbali akifundisha, nikageuza uso.

Ndipo vita vikaja, Mudachi na Mwingereza, na kwa Mudachi hakukuwa na tofauti kati ya Mskoti na Mwingereza. Nilikuwa natengeneza wavu niliposikia kwamba askari wamekuja kumchukua, anapelekwa Tabora kufungwa. Niliacha wavu, nikakimbia.

Nilimkuta ufukweni, sanduku lake miguuni, na Ndayizeye pembeni yake analia wazi. Aliyewaongoza askari safari hii alikuwa yule yule mrefu aliyeninyang'anya mpira. Aliponiona akageukia ziwa, akatuacha tuongee.

"Mwalimu, nimekosa. Siku ile nilimwona Ndayizeye."

"Najua. Mimi pia niliona." Akaniangalia kidogo. "Leo jioni, nani anafundisha?"

Nikamtazama Ndayizeye, naye akanitazama.

"Sisi wawili," nikasema.

Akacheka, akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Kisha akapanda mtumbwi. Hatukumwona tena. Wengine walisema Wabelgiji walipoingia Tabora walimfungulia, akarudi kwao. Sijui. Ninachojua ni kwamba jioni ile tulifundisha, mimi na Ndayizeye, na tukaendelea miaka mingi. Ndiye yule mzee wa Gatete unayemwita babu.

Mwanangu, kutolewa uwanjani kuliniuma siku mbili tu. Ule mwezi nilioupoteza kwa kujificha unaniuma hadi leo. Mtu anayekupenda akikukaripia mbele ya watu, utaona aibu, na huwezi kuizuia. Ila jiulize kama alisema kweli. Kama ni kweli, rudi kwake kesho yake asubuhi, umwamkie na umwambie umekosa. Na mwenzako akisimama mahali pazuri kuliko wewe, mpe nafasi, hata kama hapendwi na rafiki zako.

Mungu akupe moyo mwepesi wa kuomba radhi. Akuwekee karibu watu wa kukwambia kweli, na kila utakayemkosea umkute bado yupo. Amina. Nenda kwa amani, nenda na amahoro, mwanangu.