Kabla ya Kuandika Kwamba Mgonjwa Haambiliki

"Huyu mzee akifika nyumbani, hayo mazoezi yako anayafanyia wapi?"

Nakumbuka siku niliyoulizwa swali hilo, mwanangu, na jinsi nilivyosimama na faili mkononi. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini, katika chumba cha tiba ya viungo cha hospitali moja hapa Nyeri. Chuo kikuu nilitoka na digrii na mdomo. Kila nilipoambiwa jambo niliuliza ushahidi uko wapi. Nilibishana na madaktari, nilibishana na wauguzi, na kanisani mama yangu aliacha kuketi karibu nami kwa sababu nilimnong'oneza maswali mahubiri yakiendelea. Lakini swali hilo moja, la mahali mgonjwa wangu anapofanyia mazoezi, halikuwa limenipitia akilini.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Mzee Kariithi, mkulima wa kahawa kutoka upande wa Mukurweini. Aliteleza kwenye mteremko akikata majani ya ng'ombe, akavunjika mfupa wa paja karibu na goti. Alipasuliwa, akatiwa chuma, mfupa ukashika vizuri. Goti ndilo lililokataa. Unajua goti lilivyo: lisipokunjwa kila siku baada ya ajali hukakamaa, na likishakakamaa kabisa, mimi na wewe wa tiba ya viungo hatuna la kufanya.

Nyumba yake ilikuwa juu ya shamba, na ili kuifikia ilibidi upande ngazi zilizochimbwa kwenye udongo. Goti lisilokunjika halipandi ngazi za namna hiyo. Kwa hiyo tangu atoke wodini alikuwa akiishi kwa mwanawe, chini karibu na barabara, na kila alipokuja aliniuliza jambo moja tu.

"Daktari, nitarudi kwangu lini?"

"Goti likikunjika, Guka. Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya, maitu. Kila siku."

Aliniita maitu, yaani mama, kama wazee wa kwetu wanavyomwita msichana wanayemheshimu, nami nilimwita Guka, yaani babu. Nami nikipima goti, linakunjika nyuzi hamsini na tano, chini ya nusu ya goti zima. Wiki iliyofuata, hamsini na tano. Wiki iliyofuata tena, zile zile.

Karatasi ya mazoezi niliichora mwenyewe, na nilijivunia michoro yangu. Vaa kaptura. Lala chali. Vuta kisigino kuelekea makalio, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha msaidizi akandamize mguu taratibu ujikunje zaidi. Aliyekuwa akimleta mzee hospitalini ni Nyambura, mke wa mwanawe. Basi nikamwita kitandani pa tiba, nikamshika mkono, nikauweka juu ya paja la baba mkwe wake. "Hapa ndipo utakandamiza," nikamwambia. Mkono ule ulikaa pale kama umewekwa juu ya jiko. Mzee akageuza uso ukutani. Nyambura akasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa, akatoka nje ati simu yake inaita. Sikusikia simu yoyote. Nikajisemea, huyu hajali.

Mwanangu, mimi ni Mgikuyu. Adabu iliyopo kati ya mzee na mke wa mwanawe nimeisikia tangu utotoni. Lakini nilikulia Murang'a mjini, katika nyumba za walimu, na nilishaamua kwamba mambo hayo yalizikwa pamoja na babu zetu. Mimi niliyedai ushahidi wa kila kitu, hilo sikulidai ushahidi. Niliamua tu.

Wiki ya sita nikachoka. Nikaandika kwenye faili: Mgonjwa haambiliki. Aachishwe tiba. Nikaipeleka kwa mkuu wetu, Bwana Wafula, atie sahihi. Alikuwa mtu wa Bungoma, mpole, ambaye kikombe chake cha chai hakikupoa wala kukauka siku nzima. Alisoma, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Haambiliki kivipi?"

"Hafanyi mazoezi, na anasema amefanya. Sikio la kufa halisikii dawa, Bwana Wafula."

"Ala! Hiyo methali husemwa matangani. Huyu amekufa?"

"Hajafa, lakini..."

"Basi iweke kwanza."

Ndipo akaniuliza swali lile. Kisha akaichukua karatasi yangu akaisoma polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Kaptura," akasema. "Na anayekandamiza ni nani?"

"Mke wa mwanawe. Nimemfundisha mwenyewe."

Akaweka kikombe chini. "Wewe binti! Kwetu mimi na mke wa mwanangu hata mkono hatupeani. Nyinyi wa hapa mmeanza lini kushikana mapaja?"

Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. Akanirudishia faili.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sitii sahihi. Nenda ukakione hicho kitanda."

Nikaenda Alhamisi. Kitanda cha mzee kilikuwa sebuleni, kwa kuwa nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu vya kulala na vyote vina wenyewe. Kila aliyetoka jikoni kwenda nje alipita miguuni pake. Nyambura alipotuletea chai alibisha mlango wa sebule yake mwenyewe, akangoja, akaingia akiwa ameinamisha macho, akatoka. Mzee naye, aliposikia hatua zake, alivuta blanketi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Niliyaona hayo mara tatu kabla chai haijaisha. Walikuwa wakiishi hivyo kutwa, kila mmoja akimlindia mwenzake heshima ndani ya chumba kimoja. Kaptura yangu ingevaliwa wapi?

"Guka, nisamehe," nikamwambia. "Nilipaswa kuuliza."

"Hata mimi sikusema. Ningesemaje? Wewe ni mtoto, na umesoma."

"Hapa nyumbani, nani anaweza kushika mguu huo na wewe usione haya?"

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Labda Muchiri. Huyo tulitahiriwa siku moja."

Muchiri, jirani wa ng'ambo ya ua, akaitwa. Akaja na buti zake za mpira zimejaa matope.

"Kumbe ni goti tu!" akasema. "Mimi nikikuona umenyoosha mguu hivyo, nikafikiri ni maringo."

"Wewe shika mguu, wacha maneno."

"Nitashika, lakini usilie kama siku ile."

"Nani alilia? Wewe ndiye uliyelia!"

"Mimi nilikuwa na kikohozi."

Tukahamia kwenye banda la ng'ombe, mahali ambapo Nyambura asingeingia mzee akiwa pale. Mzee akaketi kwenye benchi na suruali yake ndefu. Nikatandika gunia tupu la chakula cha ng'ombe juu ya ubao ili mguu uteleze mbele na nyuma. Nikamwonyesha Muchiri pa kukandamiza, na kiasi. "Polepole, Mzee. Huo si kuni." Tukakubaliana wafanye ng'ombe wakishakamuliwa, asubuhi na jioni, na mara moja zaidi baada ya chai ya saa nne. Karatasi yangu nikaikunja nikaitia mfukoni.

Wiki mbili baadaye goti lilifika nyuzi sabini. Mavuno ya kahawa yalipokwisha lilikuwa limepita tisini kidogo, na hapo likakomea. Halikuzidi tena. Zile wiki sita nilizozipoteza ndizo wiki ambazo goti lilikuwa bado linasikia, nazo hazikurudi. Mzee alirudi kwake, naam, lakini alizipanda ngazi kwa ubavu, fimbo mkononi, mguu mmoja ukiusubiri mwingine. Upandaji ule wa ubavu ni kazi ya mikono yangu.

Nakuandikia haya kwa sababu leo nimeona umeandika neno lile lile kwenye faili ya mama wa Giakanja, yule mwenye bega. Sijakukasirikia. Wala sikuambii kwamba kila mgonjwa asiyefanya mazoezi ana sababu nzuri. Wengine ni wavivu, kama mimi nilivyo mvivu wa kunywa maji ninayowaamuru wengine wanywe. Lakini huwezi kujua yupi ni yupi mpaka umemuuliza. Muulize anaamka saa ngapi, analala wapi, nani yuko nyumbani, nani anaruhusiwa kumgusa. Muulize akiwa ameketi na amevaa nguo zake, si akiwa amelala mbele yako na goti wazi. Akikuambia amefanya nawe unaona hajafanya, usimwaibishe. Tafuta uongo huo unasitiri nini. Na akishakujibu, badilisha mazoezi yalingane na nyumba yake, maana nyumba haitabadilika kwa ajili ya mchoro wako. Endelea kudai ushahidi, mwanangu. Mimi bado nadai. Ila anza na ushahidi ulioketi kwenye kiti mbele yako.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa na ulimi usiotangulia masikio. Wagonjwa wako warudi makwao. Nawe usikose kamwe mtu wa kukunyima sahihi yake.

Mzee Kariithi alishafariki, kwa uzee, katika nyumba yake ya juu. Mwaka jana nilikutana na Nyambura sokoni akichagua miche ya kabeji, tukasimama tukaongea, naye akaniambia jambo nisilolijua miaka yote hiyo. Katika zile wiki sita, mumewe alimsihi baba yake aache kujichosha kuja Nyeri, kwa kuwa hakuna zoezi hata moja alilokuwa akifanya. Mzee alikataa. "Nikikosa kwenda," alimwambia, "watasema wagonjwa wanamkimbia yule msichana. Na bado yeye ni mgeni kazini."