Kadi ya Harusi Iliyofungua Jeneza

Siku ile ofisini kwangu Katoro tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Kabula, ambaye niliacha shule ili nimlee wazazi wetu walipofariki, na Mama Neema, aliyekuja kuiona kadi ya harusi ya binti yake niliyoiweka mtandaoni.

Kadi ilikaa kwenye seva moja, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na tovuti ya mteja wangu mwingine, fundi wa majeneza. Asubuhi niliandika kanuni kwamba kila anwani ya zamani kwenye seva hiyo ielekezwe kwenye ukurasa mpya wa fundi, nikasahau kutaja kuwa ni anwani za fundi tu.

"Fungua, mama, ufurahi," nikajigamba.

Kwenye skrini likatokea jeneza la mbao za mninga.

"Mwanangu," akasema polepole, "linki hii nimewatumia wakwe wote wa Masumbwe."

Kabula alitoka nje kucheka. Kanuni niliirekebisha papo hapo, lakini safari ya kwenda kuwaomba radhi wakwe bado nadaiwa.