Nilituma koti litangulie kwa nyumba ya mke wangu Uingereza, sasa visa imetoka na naogopa kusafiri

Wakuu, salamu kutoka Migosi, Kisumu. Mimi huwa nasoma tu humu bila kuandika, lakini hili limenishinda kubeba peke yangu. Sitaongeza chumvi. Atakayeniita muongo nitamwelewa, maana hata mimi ningemwita mtu hivyo.

Mimi ni fundi wa friji. Wateja wangu wengi ni wauza samaki wa Dunga na wenye hoteli za huko ufuoni.

Mke wangu, Akinyi, anatunza wazee kwenye mji mmoja mdogo kaskazini mwa Uingereza. Amekaa huko mpaka akapewa makaratasi ya kuishi moja kwa moja. Tulikutana alipokuja kwa matanga ya shangazi yake kule Nyamasaria. Tukapendana, mahari ikapelekwa, tukafunga ndoa, akarudi kazini. Mimi nikabaki na video call.

Tukaanza kuomba spouse visa ili nimfuate.

Wale mnaopanga kupitia njia hii, sikieni. Wazungu hawataki tu kujua kama mnapendana, wanataka kujua mtalala wapi. Kama mwenzako anakodi, landlord aandike kwamba amekubali uje kuishi hapo, na watu wasizidi nafasi ya nyumba. Wengi huita mtu wa inspection apime vyumba na kuandika report.

Akinyi alikuwa kwenye chumba kimoja ndani ya nyumba ya wasichana wengi, na mwenye hiyo nyumba alishasema mwanaume asikanyage. Ikabidi ahame.

Akapata kanyumba kalikoshikana na kengine. Sebule na jikoni chini, chumba kimoja cha kulala juu. Upande wa pili wa ukuta anaishi mama mwenye nyumba, mjane mzee. Alitoa sharti moja tu: nyumba ni ya watu wawili, wa tatu hapana.

Nilifurahi sana. Nikaenda Dunga kumpa habari mama yangu, anayekaanga samaki pale.

Mama hakufurahi.

"Wuoda, mwanangu, huyo msichana amelala huko tayari?"

"Bado, Mama. Anahamia wiki ijayo."

"Mwanamke haingii nyumba mpya mbele ya bwana yake. Nyumba ikikosa mwenyewe usiku ya kwanza, inatafuta."

Nikamweleza kwamba mwiko huo ni wa mtu anayejenga dala, yaani boma lake mwenyewe. Nyumba ya kukodi haimo, na hata wazee wetu hawaufuati wakiwa mjini. Akaniangalia kama anavyoangalia samaki wa juzi.

"Kama huwezi enda, nguo yako iende. Koti yenye umevaa. Aitundike ndani kabla alale."

Sasa wakuu, mimi koti zuri ninalo moja, la harusi. Sikuona sababu ya kulipeleka ng'ambo likatundikwe kwa msumari. Nikaenda zangu Kibuye kwa mitumba.

Muuzaji akanitolea koti refu la kijivu, zito. "Hii ni camera, bwana, grade ya kwanza. Imetoka kwa bale saa hii." Lilinuka tumbaku na dawa ya kuchua. Sikulijaribu hata mwilini, na joto hili letu.

Rafiki ya Akinyi alikuwa anarudi huko, akalibeba. Nikajiona mjanja kweli. Mama ameridhika, mke amepata koti la baridi, na langu liko kabatini. Akinyi akalitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, akaniambia hajawahi kulala vizuri hivyo tangu afike nchi ile.

Wengine mmeshaona ninakoelekea. Mimi sikuona.

Mtu wa inspection alikuja mchana. Akinyi akabaki jikoni akimchemshia chai, yeye akapanda juu na kipimo chake. Hakukaa. Alishuka akinyata, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, sikujua mume wako amelala. Chumba kinatosha, sitamsumbua."

Akinyi akamwambia mume wake yuko Kenya, na ndiyo sababu ya kumwita.

Wakapanda wote wawili. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, lakini upande mmoja ulikuwa umebonyea. Yule bwana hakunywa chai. Report aliandika vizuri, kwamba nyumba inafaa watu wawili.

Akinyi alinisimulia akichekacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka umwambie si kitu. Mimi sikucheka. Niseme ukweli, mambo ya mizimu hayakunijia akilini hata kidogo. Niliwaza mwanaume. Nililia ndani ya karakana nikijifanya moshi umeniingia machoni.

Nikampigia video nikamwambia anionyeshe kila kona. Kabati, bafu, chini ya kitanda. Alinionyesha bila kubisha, machozi yakimtoka. Hapakuwa na mtu wala kiatu cha mtu.

Ila koti halikuwa nyuma ya mlango. Lilikuwa limevalishwa kiti, kando ya dirisha.

"Mbona umelitoa pale?" nikamuuliza.

"Si mimi. Mimi hurudisha. Nikitoka job napata iko hapo tena."

Barua ya mama mwenye nyumba ilikuja bila shida. Alimwambia Akinyi anafurahi kumruhusu mume ambaye tayari anamfahamu. Mtu wa heshima, akasema, humpungia mkono kila asubuhi kutoka dirishani. Akinyi akamwonyesha picha yetu ya harusi kwenye simu. Yule mama akaitazama vizuri, akasema huyo hapana. Anayemjua yeye ni mzee mrefu, nywele nyeupe, mtu wa huko huko kwao.

Hapo ndipo nilipowaza mitumba hutoka wapi, na kwa nani.

Nikarudi kwa Mama nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka samaki wakaungua kwenye karai.

"Uliivaa hata mara moja?"

"Hapana."

"Basi si wewe ulitangulia. Ulimrudisha mzee wa watu kwao, tena ukampatia bibi."

"Akinyi alitupe?"

"Mwenye alimwingiza ndiye anamtoa. Fanya haraka uende."

Lakini visa haina haraka, mnajua wenyewe. Nilimsihi Akinyi alipeleke angalau kwa wanaopokea nguo za msaada. Akasema sawa. Wiki zikapita. Nikimuuliza, anabadilisha mada. Zamani aliniita jaoda, mume wangu. Akaanza kuniita kwa jina. Simu zikawa fupi, na siku moja tukiwa katikati ya mazungumzo akasema "nakuja", na hakuwa akiniambia mimi.

Juzi visa imetoka.

Nilirukaruka pale karakana mpaka wateja wakadhani nimeshikwa na stima. Nikampigia Akinyi papo hapo. Alikuwa amekaa kando ya dirisha, lile koti mabegani. Hakuwa na machozi wala woga. Sijamwona ametulia hivyo tangu siku ya harusi. Nikamwambia natafuta ndege, nafika mwezi huu.

Akageuza uso pembeni kama mtu anayesikiliza, kisha akanirudia.

"Si ungengoja kidogo," akasema kwa upole. "Mwenye nyumba alisema hii nyumba ni ya watu wawili. Na sisi tuko wawili."

Wakuu, sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Funzo langu ni hili. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Yangu hata sikuazima, nilinunua, na bado nimebaki uchi. Mama yako akikwambia utume nguo yako, tuma ile yenye jasho lako, hata kama ndiyo moja tu uliyonayo. Mimi nilihurumia koti, sasa namlilia mke.

Mama anasema niende kesho. Mchungaji wangu anasema ni upweke na uchovu wa kazi, tuombe. Rafiki zangu wanasema ni mwanaume wa kawaida kabisa na mimi ni mjinga. Mimi nampenda Akinyi, na nikisema siogopi nitakuwa nawadanganya.

Kama kuna aliyewahi kupitia kitu cha aina hii, aseme hapa au aje inbox, hata matusi nitayasoma. Makaratasi yote yanathibitisha kwamba nafasi yangu ndani ya ile nyumba ipo. Mngekuwa mimi, mngepiga hodi?