Kitabu cha Mama Yake Herai

Shemasi Psais aliingia kwa dada yake Herai, mfumaji wa kitani hapa kwetu kando ya Nili, akiwa na watu wawili wa askofu.

"Dada, kitoe kile kitabu cha mama. Askofu amekipiga marufuku, anasema si neno la mitume."

"Mama alikufa amekikumbatia. Naye alikuwa mzushi?"

"Usiniponze, dada yangu."

Herai akakitoa. Walipokitupa motoni uani, akaanza kuyasema kwa sauti maneno ya kitabu aliyoyahifadhi kichwani. Wale watu wakamgeukia Psais: midomo yake nayo ilikuwa ikicheza.

"Kumbe nawe unayajua!"

Psais angeweza kukana. Akajibu, "Mama alitulea sote wawili."

Wakamvua ushemasi. Sasa anafuma kitani na dada yake.